Haki ya Kiu na Mamlaka ya Kibali: Maji ya Nyika ya Taru kama Amana

Kabla dola haijampa mtu kibali cha kuchota maji ya mto, ni lazima iwe na jawabu la swali linalokitangulia kibali chenyewe, nalo ni jinsi mto huo ulivyoingia mikononi mwake hata ikawa na uwezo wa kuugawa. Mwenye shamba huweza kumtaja aliyelifyeka, mwenye nyumba hutaja jasho la aliyeijenga, na mwenye ng'ombe hutaja mama wa ng'ombe wake na zizi alikozaliwa. Lakini mvua haikutengenezwa na mwanadamu, na mkondo unaoshuka bondeni haukuchimbwa na serikali wala na raia. Ndiyo maana sheria ya maji, ingawa huandikwa kwa lugha ya ofisi, hubeba ndani yake swali la kidini na la kifalsafa: je, kitu kisicho na mtengenezaji miongoni mwa watu kinaweza kuwa na mwenye kukitoa, na akikitoa, anatoa nini hasa?

Swali hilo linaonekana waziwazi Taru, mji mdogo wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ulioko upande wa Kinango wa Kaunti ya Kwale, katikati ya tambarare ya vichaka vya miiba ambayo watu wa pwani huiita Nyika. Wakazi wake wengi ni Waduruma, mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda, wanaofuga ng'ombe na mbuzi na kulima mahindi panapokuwa na mvua. Kutoka hapo hadi fuo za Diani na Msambweni ni kaunti moja, bali kwa maji ni nchi mbili: ufuoni mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na vilima vya Shimba hutoa chemchemi na vijito vya kudumu, ilhali Nyikani mito mingi hutiririka kwa siku chache baada ya mvua kisha ikabaki mchanga mtupu, na maji ya ardhini mara nyingi huwa na chumvi. Misafara ya karne ya 19, ukiwemo ule wa Mskoti Joseph Thomson mwaka 1883, ilivuka Taru kwa kutegemea ngurunga, yaani mashimo ya asili katika mwamba yanayohifadhi maji ya mvua. Na reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, mafundi na vibarua waliofika katika nyika hiyo walilazimika kuletewa maji kwa treni. Nadharia ya haki ya maji huwa rahisi kuitetea kandokando ya mto usiokauka, ambako atakaye huinama akanywa. Mahali pa kuijaribu ni pale ambapo maji hayafikiwi kwa kuinama.

Utaratibu wa vibali ulianza wakati wa ukoloni. Sheria ya maji ya mwaka 1929, na ile ya 1951 iliyoifuata, ziliyaweka maji ya koloni chini ya mamlaka ya serikali na kumtaka kila aliyekusudia kuugeuza mkondo, kuuzuia kwa boma au kuuvuta kwa bomba apate ruhusa kwanza. Baada ya uhuru msingi huo haukubomolewa, ila maelezo ya sababu yake yalibadilika. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 62, inaihesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma ambayo serikali ya kitaifa inaishika kwa udhamini kwa niaba ya wananchi, na katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 2002, inaurudia udhamini huo kwa kila rasilimali ya maji na kuikabidhi Mamlaka ya Rasilimali za Maji kazi ya kutoa vibali. Kibali, kwa maana hiyo, ni ruhusa ya maandishi inayotaja chanzo cha maji, kiasi kinachoweza kuchukuliwa, matumizi yake na muda wake. Anayekiomba huambatanisha ripoti ya mtaalamu, maombi yake hutazamwa pia na Chama cha Watumiaji wa Rasilimali za Maji, yaani umoja wa wakazi wa bonde moja wanaoutegemea mto huo, na akikubaliwa hujenga mtambo wake kwa idhini, hufunga mita, kisha hulipia kila mita ya ujazo anayoitoa.

Ndani ya utaratibu huo zimo nguzo mbili zinazobeba uzito wa kimaadili kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni akiba, maana yake kiasi cha maji kinachotengwa kwa mahitaji ya lazima ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe, kabla mwombaji yeyote hajagawiwa chake. Ya pili ni msamaha: mtu anayechota bila mtambo, kwa matumizi ya nyumbani, katika chanzo anachokifikia kihalali, hahitaji kibali. Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba nguzo hizi mbili zinakifanya kibali kuwa halali mbele ya dhamiri, kwa sababu zinaonyesha kwamba kinachotolewa ni masharti ya amana wala si milki. Lakini pia kwamba nguzo ya pili, ikiachwa ilivyo, inamlinda mtu wa Msambweni na kumwacha mtu wa Taru mikono mitupu.

Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, jambo hili lina historia ndefu, na sehemu ya mafundisho hayo ni urithi wa pwani yenyewe, ambako madhehebu ya Shafi'i ndiyo yaliyoenea na ambako Minhaj at-Talibin, kitabu cha Imam Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kimesomeshwa katika darsa kwa vizazi vingi. Kitabu hicho kinayataja maji katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu, maana yake ardhi isiyo na mwenyewe wala isiyolimwa, na kinayapanga kwa ngazi. Maji ya mabondeni na ya chemchemi za milimani watu wote wana haki sawa nayo. Yakipungua, aliye juu hunywesha shamba lake mpaka maji yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha huyaachia yamfikie aliye chini yake. Aliyeyatia maji hayo chomboni amekwisha kuyamiliki. Mwenye kisima hutangulia kwa haja yake, na kilichozidi halazimiki kukitoa kwa ajili ya mazao ya jirani, lakini ni wajibu kukitoa kwa ajili ya mifugo ya jirani. Ngazi hizo zimesimama juu ya hadithi zinazojulikana sana, ikiwemo ile inayowahesabu Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, na ile inayomhesabu anayemnyima msafiri maji yake ya ziada kuwa miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama.

Mpangilio huo una mantiki inayostahili kuangaliwa kwa makini. Koo lenye uhai, liwe la mtu au la mnyama, limewekwa mbele ya shina la mhindi, kwa kuwa shamba lililokauka ni hasara inayoweza kulipwa msimu ujao, na kiumbe aliyekufa kwa kiu hana msimu ujao. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi waliipa haki hii ya kunywa kwa mtu na kwa mnyama jina la shafa, wakaitenga na haki ya shirbi, ambayo ni zamu ya kumwagilia mashamba. Sheria ya Kenya imefika karibu na hapo kwa njia yake yenyewe: ile ya 2002 iliyahesabu maji ya kunyweshea mifugo na ya josho kuwa ni matumizi ya nyumbani, na ile ya sasa inaendelea kuyapa matumizi ya nyumbani kipaumbele juu ya matumizi mengine yote. Kwa mfugaji wa Taru jambo hilo si la pembeni, maana katika kiangazi mbuzi wake ndio akiba yake, karo ya watoto wake na mahari ya mwanawe.

Ufuatano kama huo unaonekana pia katika falsafa ya Ulaya. John Locke, katika risala yake ya pili juu ya serikali iliyochapishwa mwaka 1689, alifundisha kwamba maji yanayobubujika ni ya kila mtu ila yaliyomo mtungini ni ya aliyeyachota, na kwamba hakuna anayedhulumiwa na mwenzake aliyekunywa ikiwa mto mzima bado umebaki kwa ajili yake. Sehemu ya mwisho ya hoja hiyo ndiyo inayoibeba nyingine zote, nayo ndiyo isiyokuwepo Nyikani. Chombo humpa mtu haki kwa sababu tu kilichobaki nje ya chombo kinawatosha wengine. Siku kilichobaki kitakapokuwa hakiwatoshi, tendo lilelile la kuchota, ambalo jana lilikuwa halina lawama, leo linakuwa ni kumpokonya mtu.

Hapo ndipo panapofahamika kwa nini kibali kimehitajika. Kanuni ya chombo ilitungwa wakati chombo kilikuwa kata, ndoo au kiriba, na uwezo wa mkono wenyewe ukawa ndio mpaka wa uchoyo. Pampu ya dizeli na boma la saruji pia ni vyombo, lakini ni vyombo vinavyoweza kuumeza mkondo mzima, na kama vingepewa haki ileile ya ndoo, basi mto ungekuwa wa mwenye mtaji mkubwa kwa hoja ileile iliyokusudiwa kumlinda mwenye kiu. Kibali ni namna ya jamii kukataa kuihesabu pampu kuwa ndoo. Kwa mtazamo huu, sheria inapomwachia huru anayechota kwa mkono na kumdai hesabu anayechota kwa mtambo, haimsumbui mwenye bidii kwa ajili ya mvivu, bali inakiri kwamba wajibu wa mtu hukua kadiri uwezo wake wa kuwanyima wengine unavyokua.

Lakini kukubali kwamba kibali kinahitajika hakutoshi kuonyesha kwamba dola ndiyo inayostahiki kukitoa. Kwa muumini wa Kiislamu na wa Kikristo, na kwa mzee wa kaya anayemwomba Mulungu mvua katika msitu wa mababu, mwenye maji anajulikana, naye si serikali. Kaya ni makazi ya kale ya Wamijikenda yaliyozungukwa na msitu, ambayo leo ni mahali patakatifu. Baadhi yake, zikiwemo Kaya Kinondo ya Wadigo karibu na Diani na Kaya Mtswakara ya Waduruma, zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008. Imani hizi tatu hutofautiana katika mengi, ila zinakutana katika kumweka mtawala mahali pa mtu aliyekabidhiwa, na aliyekabidhiwa mali ya mwenzake hana ruhusa ya kuifanyia kila analotaka.

Mfano bora wa mpaka huo uko katika hadithi ya Abyad bin Hammal, iliyopokelewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Mtu huyo alimwomba Mtume ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib huko Yemeni, akapewa. Kisha aliyekuwepo akaeleza kwamba chumvi hiyo iko wazi kwa watu mfano wa maji yasiyokatika, na Mtume akairudisha. Wanazuoni walichota humo kanuni kwamba mtawala hana uwezo wa kummegea mtu mmoja kitu ambacho umma wote unakihitaji na kinapatikana bila ya kazi ya yeyote. Kwa lugha ya leo, hicho kilikuwa kibali kilichofutwa, na sababu ya kufutwa haikuwa kosa la aliyepewa bali ni asili ya kitu chenyewe. Mafunzo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba kubatilisha kibali kilichotolewa bila ujuzi kamili wa mahitaji ya watu ni sehemu ya uaminifu wa mtawala, wala hakumpunguzii heshima. La pili ni kwamba akiba haimo katika vitu vinavyoweza kutolewa: ofisi inayogawa maji ya akiba imegawa isichokuwa nacho, na muhuri wake haubadilishi hali hiyo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya mamlaka ya dola hutoka upande wa mila. Mikondo iligawanywa na wazee kabla ya kuwepo mamlaka yoyote yenye barua rasmi, na Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha katika kitabu chake cha 1990 kwamba jamii nyingi duniani zimetunza maji, malisho na misitu ya pamoja kwa karne kadhaa bila ya serikali wala soko. Hoja hiyo ina nguvu panapokuwa na visima vya mchanga, yaani mashimo yanayochimbwa katika kitanda cha mto uliokauka. Shimo la namna hiyo hutoa maji polepole: mchotaji hushuka ndani na kata, hungoja maji yajikusanye chini ya mchanga, hujaza mtungi wake wa lita 20 kwa vipande, kisha humpisha anayefuata, na mdomo wa shimo huzibwa kwa matawi ya miiba ili mifugo isiuvunje. Zamu hapo haihitaji karatasi, kwa kuwa wote wanaonana, na anayechota kupita haki yake hulikuta jina lake limefika nyumbani kabla yake.

Udhaifu wa mila huanza pale ambapo mchotaji na mwathirika hawaonani. Mto Mkurumudzi hutoka katika vilima vya Shimba na kuingia baharini karibu na Gazi, na katika mkondo wake lilijengwa bwawa lenye ujazo wa takriban mita za ujazo milioni 8 kwa ajili ya mgodi wa titani wa Base Titanium, uliozalisha madini kuanzia 2013 hadi 2024. Katika ukanda huohuo yapo mashamba ya miwa ya kumwagiliwa upande wa Ramisi, hoteli za Diani, na vijiji vinavyonywa visima vifupi na pampu za mkono. Maji ya ardhini yanayowaunganisha wote hao hayaonekani na mzee yeyote, hata awe na busara kiasi gani. Huonekana kwa vipimo vya kina cha visima vinavyofanywa mwaka baada ya mwaka. Mto Umba nao hutoka katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ambako vibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kisha huvuka mpaka na kufika baharini karibu na Vanga, kwa hiyo aliye juu na aliye chini wana serikali mbili, sheria mbili na mahakama mbili. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wanono wanaokunywa maji safi kisha kuyavuruga kwa miguu yaliyobaki, na wenzao wakalazimika kuyanywa yakiwa tope. Lakini hata kemeo hilo linahitaji aliye juu ajue kwamba aliye chini yupo. Dola ina haki ya kuingia kati kwa sababu ndiyo yenye uwezo wa kumsemea asiyeonekana: aliye chini ya mkondo, aliye ng'ambo ya mpaka, mnyama, na kizazi cha baadaye. Ikiacha kumsemea huyo na kumsemea mwombaji peke yake, sababu ya kuwepo kwake kati imekwisha.

Pingamizi la pili linahusu malipo. Inaulizwa vipi dola itoze fedha kwa kitu kilichoshushwa bure. Mafakihi walitofautisha bei ya maji na ujira wa kuyachota, kuyabeba na kuyahifadhi, wakaruhusu ujira huo bila shaka. Na ada ya kibali, ikitumiwa kutunza vyanzo, kupima mtiririko na kusimamia zamu, inaingia katika fungu hilo. Jambo la kusikitisha liko kwingine. Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka ada ya matumizi ya nyumbani kuwa senti 50 kwa mita ya ujazo, yaani kwa lita 1,000. Mtungi wa lita 20 ukinunuliwa kwa mchuuzi wa mkokoteni kwa shilingi 20, basi lita 1,000 zilezile zimekuwa shilingi 1,000, ambayo ni mara 2,000 ya ada hiyo. Mchuuzi hana hatia, kwa kuwa anauza safari ya punda wake na jua alilolivumilia. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba uzito wa dhuluma ya maji haumo katika ada ya ofisini, bali katika umbali kati ya chanzo na kinywa, na umbali huo hautajwi na kibali chochote.

Hapa msamaha wa anayechota kwa mkono unapaswa kurejewa. Unampa mtu uhuru, yaani hali ya kutozuiwa, na uhuru huo una thamani kubwa kwa anayeishi kando ya kijito cha Shimba, kwa maana akishuka na ndoo amepata maji. Kwa mkazi wa Taru, uhuru wa kuchota bila mtambo ni uhuru wa kuchota mchanga sehemu kubwa ya mwaka. Ili apate maji ya kunywa na ya kunywesha, anahitaji hasa kile ambacho msamaha umekitenga: kisima kirefu chenye pampu, boma la mchanga linalozuia maji chini ya kitanda cha mto, au bomba. Hata silanga, yaani bwawa la udongo linalokinga maji ya mvua, ambalo likiwa nje ya mkondo halidaiwi kibali, hudai tingatinga, uzio na watu wa kuondoa tope kila baada ya misimu michache. Matokeo yake ni kwamba sheria moja, iliyoandikwa kwa nia ya kumlinda maskini, inampa wa pwani maji na kumpa wa Nyika ruhusa tu.

Upungufu huo si wa Kenya peke yake; unatokana na dhana ya haki inayotosheka na kutokataza. Lakini fikihi ilikwisha kuugundua. Mecelle, mkusanyiko wa sheria za kiraia uliotungwa na dola ya Kiuthmani kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, unashughulikia hali ya mwenye kiu ambaye maji pekee yaliyo karibu naye yamo ndani ya milki ya mtu mwingine. Hukumu yake ni kwamba mwenye milki ana hiari ya namna mbili tu: ama amtolee mwenye kiu maji nje, ama amfungulie aingie achote. Hana namna ya tatu, na kukaa kimya si jawabu. Katika Ukristo, Thomas Aquinas alifika karibu na hapo katika karne ya 13 aliposema kwamba katika dhiki ya kweli vitu hurudi kuwa vya wote, hivyo kwamba anayechukua cha kumwokoa hahesabiwi kuwa mwizi. Na Papa Francis, katika waraka wake wa 2015 juu ya utunzaji wa mazingira, aliihesabu haki ya maji ya kunywa kuwa ya msingi kwa kuwa uhai wa mtu hutegemea maji hayo.

Kanuni ya kutoa au kufungua ikiwekwa juu ya dola, ambayo imejitangaza kuwa mshika maji yote kwa niaba ya watu, ramani ya Kwale inasomeka upya. Chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba zimeilisha Mombasa tangu zama za ukoloni. Visima vya Tiwi hupeleka maji upande wa Likoni na Diani. Bomba la Mzima linatoka Tsavo na kuivuka Nyika kuelekea mjini. Na bwawa la Mwache, linalojengwa Kinango kwa fedha za Benki ya Dunia, limekusudiwa kutoa takriban mita za ujazo 186,000 kwa siku, zaidi kwa ajili ya Mombasa. Hakuna ubaya katika maji kwenda mjini, kwa sababu mtu wa Mombasa pia ana koo, na hapana andiko linalompa mkazi wa karibu na chanzo haki ya kumwua kwa kiu aliye mbali. Ubaya huingia pale ambapo kitu kinachopita mbele ya mlango wa mwenye kiu kimefungwa kwa chuma, naye hakupewa bilula wala hakuruhusiwa kufungua. Aliyevusha maji katika nchi kavu amekuwa katika nafasi ya msafiri mwenye ziada ambaye hadithi inamwonya, na ukubwa wa bomba hauipunguzi hukumu hiyo.

Yanafuata mambo yanayoweza kudaiwa bila kuvunja bajeti ya taifa. Kibali cha bomba au bwawa linalotoa maji Nyikani kiwe na sharti la vituo vya kuchotea na mabirika ya kunyweshea mifugo katika njia yote, na sharti hilo liandikwe katika kibali kilekile kinachotaja kiasi cha maji. Akiba ihesabiwe kwa idadi ya watu na mifugo wa bonde zima, pamoja na wale ambao mkondo wao hukauka, kwa kuwa wanaotegemea mito ya msimu ndio walio rahisi kusahauliwa na vipimo vya mto unaotiririka daima. Vikundi vya wanakijiji vinavyojenga boma la mchanga au kisima cha pamoja vipewe njia fupi ya kibali na mtaalamu anayelipwa na umma, maana gharama ya ripoti ambayo kampuni huilipa bila kuihisi inaweza kuwa ukuta kwa kikundi cha akina mama. Na uchotaji wa mchanga wa mitoni kwa ajili ya ujenzi uhesabiwe kuwa ni uchotaji wa maji, kwa kuwa katika mito ya msimu mchanga ndio tangi, na lori linaloondoka na mchanga limeondoka na kiangazi cha watu.

Huenda ikajibiwa kwamba wajibu wa kutoa ni mzito kuliko wajibu wa kutozuia, na kwamba dola maskini haiwezi kufikisha bomba kila boma. Ni kweli kwamba hakuna anayekalifishwa zaidi ya uwezo wake, na Katiba yenyewe inakubali kwamba haki za kiuchumi na kijamii hutimizwa hatua kwa hatua. Lakini hoja ya uhaba hujibu swali la kasi, haijibu swali la mpangilio. Dola isiyo na uwezo wa kumfikishia kila mtu maji bado ina uwezo wa kuamua nani ahudumiwe kwanza, na ikitumia uwezo mdogo ilio nao kupeleka maji ya kumwagilia nyasi za hoteli kabla ya kuchimba silanga moja Nyikani, haikushindwa kwa umaskini, imechagua. Udhamini unapimwa kwa uchaguzi wa namna hiyo, kwa kuwa mdhamini mwenye mali tele hahitaji uadilifu mkubwa ili kila mtu apate fungu lake.

Kwa hiyo jawabu la swali la mwanzo ni kwamba dola haimpi mtu maji, kwa sababu haina maji ya kutoa. Inachompa ni nafasi ya kutangulia kwa muda, kwa masharti, juu ya kitu ambacho wengine hawakuacha kuwa na haki nacho. Nafasi hiyo ni halali mradi tu waliotanguliwa wamekwisha kunywa, au wamewekewa njia ya kunywa inayowafikia walipo. Afisa anayetia saini kibali cha mkondo wowote kati ya Taru na Msambweni ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kuuliza uwezo wa mtambo na ukubwa wa shamba: ni nani asiyeyafikia maji haya kwa mkono wake, na ni lipi kati ya mawili atakalofanyiwa, kufunguliwa au kutolewa. Kibali kisichokuwa na jawabu la maswali hayo huweza kuwa na muhuri, tarehe na stakabadhi ya malipo, na kikawa bado hakijatimiza sheria ambayo kinadai kuitekeleza.